Mtambo wa Kumeza Moshi

Jumatatu, 4 Agosti

Dampo la nyuma ya soko linaungua kwa siku ya tisa. Moshi umeingia kwenye mito. Umeingia kwenye kabati la vyombo. Asubuhi nimeonja chai, ina ladha ya kandambili iliyochomwa. Nimeinywa. Nimekuwa mtunza kumbukumbu ofisini kwa miaka kumi na minne. Nimekunywa mabaya zaidi.

Mama anakohoa. Huyu ni mama mkwe wangu. Ana pumu, na yuko kwetu mwezi wa pili sasa kwa sababu kliniki yake ya kifua iko mitaa miwili tu kutoka hapa. Anakohoa kwa adabu, kitambaa mdomoni, halafu anaomba radhi. Nyumba nzima inamsikia akiomba radhi.

Mke wangu ametoa tamko akiwa anakunja nguo. Hakunitazama. Amesema moshi ukiwa bado umo humu ndani ikifika Jumapili, yeye na mama yake wanahamia kwa Baridi.

Baridi ni shemeji yangu, mdogo wa mke wangu. Fundi friji. Mtaa mzima unamwita Baridi, naye anaitika. Anaishi juu kilimani, moshi haufiki. Kila kizuri kiko kwa Baridi! Bomba letu lilipopasuka, aitwe Baridi. Pasi ilipokufa, aitwe Baridi. Sasa hata hewa, Baridi. Mke akihama kwa sababu ya moshi, watu watasema amehama kwa sababu ya mume. Haiwezekani.

Jawabu ninalo. Juzi nilinunua misumari, nikafungiwa kwenye kipande cha gazeti. Kwenye kipande hicho kuna makala: jinsi ya kujitengenezea nyumbani mtambo wa kusafisha hewa. Feni, kichujio, boksi, utepe wa gundi. Gazeti limechanika katikati, nusu ya chini haipo. Nadhani ilikuwa shukrani.

Jioni Baridi akapita kumjulia hali mama yake. Akaona gazeti mezani. Akasema, "Shem, mbona kazi ya dakika kumi hiyo. Chagua chumba kimoja, funga madirisha, ziba nyufa, bandika kichujio kipya nyuma ya feni. Basi."

Nikamshukuru. Nikamwambia suala linashughulikiwa.

Dakika kumi! Kitu cha dakika kumi hakiwezi kuwa kitu.

Jumanne, 5 Agosti

Tatizo la kwanza: feni. Yetu haifanyi kazi tangu nilipoitengeneza mwezi Machi.

Ofisini kwa Mkuu kuna feni nzuri ya kusimama. Mkuu mwenyewe yuko semina mpaka Alhamisi. Sikutaka kuichukua kienyeji. Nikaandika barua ya kuomba kuazima feni kwa uchunguzi wa kitaalamu. Barua ikafika kwangu, maana barua zote hufika kwangu. Nikaisoma kwa makini. Hoja zilikuwa nzito. Nikaidhinisha, kwa niaba.

Nikaifunika feni kwa koti la mvua nikatoka nayo. Mlinzi wa getini akauliza nimebeba nini. Nikasema faili. Akasema hajawahi kuona faili lenye miguu. Nikamwambia ni faili la zamani.

Nyumbani mke wangu akaitambua feni papo hapo, kwa sababu imeandikwa MALI YA OFISI kwa rangi nyekundu. Akasema asiyesikia la mkuu huvunjika guu. Nikamjibu Mkuu yuko semina.

Tatizo la pili: kichujio. Nusu ya gazeti niliyo nayo haisemi ni kichujio gani. Nikatumia akili. Moshi ni vumbi jepesi. Vumbi hunaswa na maji. Basi! Nikachukua taulo la mke wangu, lile jipya. Nikalilowesha chapachapa, nikalibana mbele ya feni kwa vibanio vya nguo. Nikaipeleka chumbani kwa Mama. Nikabonyeza namba tatu.

Mama alikuwa amejilaza kidogo. Akaamka, akauliza kama paa linavuja. Nikamwambia hapana, Mama, hiyo ni hewa safi. Akasema ahsante, mwanangu. Akajifuta uso.

Matokeo baada ya saa moja: shuka limelowa, godoro limelowa, kalenda imebanduka ukutani. Moshi ni uleule, ila sasa una maji.

Mke wangu akalitaka taulo lake. Lilikuwa limegeuka kijivu. Nikamweleza kwamba ule ukijivu ni moshi ulionaswa, kwa hiyo taulo ni ushahidi. Akasema ushahidi huo yeye alikuwa anaufutia uso.

Jumatano, 6 Agosti

Nimeamka na wazo. Mkaa!

Tulifundishwa shuleni kwamba mkaa hunyonya harufu mbaya. Sikumbuki tulifundishwa na nani, wala mengine aliyosema, lakini hilo limebaki. Nikatwanga mkaa kwa nyundo mpaka ukawa laini kama unga. Nikaujaza kwenye soksi ndefu mbili za mke wangu, za zamani. (Amesema baadaye kwamba si za zamani.) Nikazifunga mbele ya feni, moja juu, moja chini.

Safari hii sikutaka kumlowesha wala kumsumbua Mama. Nikauweka mtambo kwenye ujia wa nje, tunaochangia na jirani yetu Mshonaji, niufanyie majaribio kwanza. Huko ndiko kuitwa mwangalifu.

Kwenye ujia Mshonaji alikuwa ametundika magauni sita meupe ya wapambe wa bibi arusi. Niliyaona. Nikayahesabia kuwa yako mbali.

Soksi ya juu ilikuwa na tundu. Tundu dogo sana. Sikuliona mpaka lilipokuwa kubwa.

Mshonaji akatoka na futi yake shingoni. Akayatazama magauni. Akanitazama mimi, ambaye pia sikuwa na rangi yangu. Akauliza nani amekufa.

Nikamwambia kijivu kinapendwa sana siku hizi. Akachomoa mkasi mfukoni. Mtu akishika mkasi namna ile, mimi huwa naanza kutafuta mlango. Nilikuwa nimeukaribia aliposema, "Arusi ni Jumamosi ya wiki ijayo, jirani. Utayafua wewe. Kwa mkono. Mbele yangu."

Nikauliza kama tunaweza kuunda utaratibu mwingine. Akaenda kuleta beseni.

Mama alikuwa akisikiliza dirishani. Alicheka mpaka akakohoa. Akaomba radhi kwa kukohoa, kisha kwa kucheka.

Alhamisi, 7 Agosti

Nimefua magauni matatu kabla ya kwenda kazini. Mshonaji ameketi kwenye kigoda, ananionyesha kwa mkasi pale paliposalia weusi. Ana macho ya kipanga. Vidole vyangu vimekunjamana kama vya mtoto mchanga.

Ofisini mambo yameiva. Mkuu amerudi semina. Semina ilikuwa ya utunzaji wa mali za ofisi.

Akaingia chumbani kwake akaketi. Nikasikia swichi ikibonyezwa. Kimya. Ikabonyezwa tena. Mara nne. Halafu kiti kikasogezwa, na sauti yake ikaniita kwa cheo changu kamili, jambo ambalo huwa si jema.

Akauliza feni iko wapi. Ningeweza kusema. Mdomo niliufungua kabisa. Lakini jasho lilikuwa linamtiririka mpaka kwenye kola, na mtu mwenye jasho hasikilizi hoja. Nikasema nimeshtuka kama yeye.

Akaamuru iundwe kamati ya uchunguzi, ripoti Jumatatu asubuhi. Mwenyekiti: mimi. Mjumbe: mimi. Katibu hakupatikana, nikakaimu.

Nimefungua jalada. Nimejihoji mchana wakati wa mapumziko. Majibu yangu hayaridhishi.

Jioni, magauni matatu yaliyobaki. Mshonaji ameyapitisha matano. La sita nimerudia mara mbili. Mke wangu alipita na ndoo yake, akanitazama nikisugua kwapa la gauni, akasema mikono hiyo kumbe inajua kazi. Sijui kama ilikuwa sifa.

Usiku Mama amekohoa zaidi ya jana.

Ijumaa, 8 Agosti

Kosa langu nimeligundua. Nilikuwa nahangaika na maji na mkaa wakati makala inasema kichujio. Kwa hiyo: kichujio!

Fundi gari wa kona amenipa kichujio cha hewa cha lori. Kimetumika. Alikuwa anakitupa. Akaniuliza mara mbili kama kweli nakitaka. Nikamwambia kilichotumika kina uzoefu.

Nikachukua boksi la televisheni. Nikalitoboa upande mmoja kwa kisu cha jikoni, nikatia kichujio. Upande wa pili feni. Utepe wa gundi kila mahali. Kusema kweli ulikuwa mtambo mzuri. Ulikuwa na sura ya kitu. Nikauweka dirishani chumbani kwa Mama, kichujio nje, feni ndani. Moshi unapita dirishani, basi adui apokelewe getini.

Nikabonyeza namba tatu. Upepo! Pazia liliruka. Nikasimama katikati ya chumba, mikono kiunoni.

Baada ya dakika ishirini sikuuona ukuta wa pili.

Mama, kutoka mahali fulani ndani ya chumba, akaniuliza kwa upole, "Mwanangu, hii mashine inafukuza moshi au inauita?"

Nikamweleza kwamba inaukusanya kwanza.

Mke wangu akaingia akiupunga moshi kwa mkono. Akazima. Akaupitisha mkono ubavuni mwa kichujio, mkono wote ukatokea nje. Kichujio cha lori ni cha mviringo, tundu nililokata ni la mraba. Akasema nimeacha dirisha wazi, nikaweka feni ivute nje ilete ndani, kwa kifupi moshi nimeujengea mlango. Akasema sikio la kufa halisikii dawa. Akaondoka kwenda kutafuta begi juu ya kabati. Nililisikia likishushwa.

Nikampeleka Mama jikoni, kuliko na nafuu. Nikamwekea kiti. Tukakaa. Nikaanza kumenya vitunguu ili nisikae bure.

Akaniambia hataki kwenda kwa Baridi. Sikutegemea. Nikamwambia kule kuna hewa. Akasema ndiyo, hewa ipo, watu hamna. "Wanatoka wote alfajiri, wanarudi jua limezama. Kutwa nzima naongea na friji. Tena zile mbovu, hazijibu." Akacheka kidogo, akakohoa sana. Alipotulia akasema kwetu kila siku kuna jambo. Ameishi miaka sabini na moja, na hajawahi kuloweshwa na feni.

Kisha akanishika mkono wenye kisu. "Nifanyie mpango nibaki, mwanangu. Ila nibaki nikiwa hai."

Nikamwahidi. Nimemenya vitunguu tisa. Vilitakiwa viwili.

Jumamosi, 9 Agosti

Naandika hapa kwa sababu hapa hakuna anayesoma.

Asubuhi nilirekebisha mtambo. Nikautoa dirishani. Nikaziba nafasi zote za kichujio kwa magazeti na utepe wa gundi. Nikautia sebuleni, katikati, juu ya meza. Nikawaalika mashahidi kwa saa tano: mke wangu, Mshonaji, na Baridi. Hasa Baridi.

Saa nne upepo ukageuka. Moshi wote wa dampo ukaelekea upande wa pili wa mji. Hewa nyeupe! Mtaa mzima umefungua madirisha, watu wanaanika magodoro. Siku tisa, kumi, kumi na nne za moshi, na siku ya kuonyesha mtambo, hamna moshi hata wa kukopa. Mke wangu alikuwa ameanza kutabasamu. Angesema mtambo haukufanya kitu, ni upepo.

Kwa hiyo nikatengeneza moshi.

Nilichukua tahadhari. Mama nilimpeleka kwa Mshonaji, nikamkalisha kwenye kiti chenye mto. Nikafunga madirisha ya kwetu yote. Nikaweka karai sakafuni. Ndani yake maboksi mabichi, na lile taulo, ambalo lilikuwa halina kazi tena.

Mashahidi wakafika. Baridi akalitazama karai. Akasema, "Shem, hebu tuache. Nakuomba." Nikatoa hotuba fupi kuhusu watu wanaokata wenzao tamaa. Nikawasha.

Ulikuwa moshi mzuri. Mzito, wa kutosha. Ulipanda mpaka kwenye dari ukaanza kushuka. Mshonaji akajifunika kwa kitenge chake. Nikasema, mabibi na mabwana, nikabonyeza namba tatu.

Umeme ukakatika.

Mtaa mzima. Nilisikia redio zikizimika nyumba kwa nyumba. Nikawaomba mashahidi wawe na subira. Mke wangu akaanza kuyafungua madirisha, na moja limekwama tangu nilipolipaka rangi. Hapo ndipo tukasikia kikohozi, kutoka chumba cha ndani.

Mama alikuwa amerudi kupitia mlango wa uani. Alifuata miwani yake. Alitaka kuniona vizuri nikifanikiwa. Haya amenisimulia jioni hii kliniki, mimi mwenyewe nisingejua.

Alikohoa, akakohoa, na hakuomba radhi. Hapo ndipo nilipojua.

Baridi aliingia ndani kama anaingia mtoni. Akatoka naye mgongoni. Mimi nilimwaga ndoo ya maji kwenye karai, mvuke ukafumka, sikuona mlango. Nilitoka kwa kufuata sauti ya mke wangu, ambayo haikuwa ngumu kuifuata.

Kliniki ni mitaa miwili. Baridi aliikimbia yote akiwa na mama yake mgongoni. Mimi nilibeba miwani.

Wakamtia kwenye mashine ya mvuke wa dawa, ile ya kuvaa mdomoni na puani. Muuguzi akauliza ni moshi wa dampo? Mke wangu akasema, "Hapana. Ni wa mume wangu."

Muuguzi akaandika. Niliona akiandika.

Nilikaa kwenye benchi. Nikaikalia mikono yangu. Niliogopa. Sijaogopa hivyo tangu nizaliwe. Nilikuwa nikiwaza kwamba safari hii mimi ndiye nitakayemwomba radhi, na hatakuwepo wa kuitika.

Saa nane muuguzi akatoka akasema amepata nafuu, anauliza mkwe wake ameungua? Nikasema hapana. Nikaenda kusimama nyuma ya jengo kidogo, kwa sababu ya macho. Moshi bado ulikuwa umo machoni.

Mke wangu amekwisha kufungasha. Begi liko mlangoni.

Jumapili, 10 Agosti

Upepo umerudi, na moshi wa dampo umerudi nao. Kliniki wamemruhusu Mama saa tatu asubuhi. Nilidhani watapitiliza moja kwa moja kilimani. Nilikuwa nimekwisha kumkunjia nguo zake. Nikamtilia na miwani.

Baridi akashuka kilimani na feni kutoka karakana yake, na kichujio kipya ndani ya nailoni. Akasema Mama amekataa katakata kwenda kwake. Amemwambia akitaka afe mapema ampeleke akaongee na mafriji. Kwa hiyo, Shem, nionyeshe chumba.

Nikamwonyesha.

Akafunga dirisha. Akakunja matambara akayasokomeza chini ya mlango. Lile tundu la waya wa televisheni, ambalo mimi nililitoboa na sikulitumia, akaliziba kwa utepe. Akakibandika kichujio nyuma ya feni, kingo zote nne. Kichujio kina mshale ubavuni, unaonyesha hewa ielekee wapi. Sikuwahi kujua kama vichujio vina mishale. Akawasha namba mbili. Namba tatu hakuigusa.

Nilitazama saa. Dakika kumi na moja.

Niandike ukweli: mimi ndiye niliyeshika utepe wa gundi. Bila mtu wa kushika utepe, zingefika kumi na tano.

Saa sita mchana nikaingia chumbani kwa Mama kumpelekea maji. Nikasimama. Hamna moshi. Nilisikia harufu ya sabuni kwenye shuka, ya dawa ya kuchua kwenye meza yake. Nilikuwa nimesahau kwamba chumba kina harufu zake. Mama alikuwa amelala kwa mgongo, mdomo wazi, anavuta pumzi ndefu kama mtu anayevuta kamba. Bila kitambaa. Nikakaa kwenye kiti nikamhesabia pumzi mpaka nikapoteza hesabu.

Alipoamka akasema anabaki. Akaweka sharti moja, mbele ya watoto wake wote wawili: mkwe asiguse hiyo feni. Nikakubali. Akanipapasa kichwani.

Mke wangu amelirudisha begi juu ya kabati. Tena wakati wa kula aliniwekea sahani mbele badala ya kunionyesha sufuria iliko.

Jioni nilimsindikiza Baridi mpaka njia panda. Nikamwambia ahsante, Shem. Neno lilitoka vizuri tu, wala halikuniumiza kama nilivyodhani. Akasema si kitu, ni kazi ya dakika kumi.

Nikamrekebisha: kumi na moja.

Nimeazimia mambo matatu kwa maandishi. Kwanza, nitasikiliza wanaojua. Pili, sitachukua kisicho changu. Tatu, sitawasha kitu ndani ya nyumba. Nimetia sahihi na tarehe. Najiona mtu mpya.

Jumatatu, 11 Agosti

Nimefika ofisini wa kwanza na feni ya Mkuu ndani ya koti la mvua. Nikaiweka mahali pake. Saa mbili na nusu nikawasilisha ripoti ya kamati, kurasa tano. Hitimisho: feni imepatikana ofisini kwa Mkuu, karibu na dirisha, na hapakuwahi kuwa na sababu ya hofu.

Mkuu akaisoma yote. Akaitazama feni. Ilikuwa na utepe wa gundi, masizi, na kibanio cha nguo. Akamwita mlinzi. Mlinzi akaeleza habari ya faili lenye miguu, tena kwa ufasaha ambao sikuujua kwake.

Nikaona unga wangu unamwagika. Nikaeleza yote. Yaani karibu yote. Nilisema nilikuwa katika utafiti wa mtambo wa kusafisha hewa, kwa ajili ya mgonjwa, na kwamba mgonjwa hivi sasa analala bila kukohoa. Kila neno ni la kweli.

Mkuu akaifunga ripoti. Kisha akakohoa. Na yeye moshi unamwingia, dirisha lake linatazama dampo. Akauliza kama kweli unafanya kazi. Nikasema amuulize mama mkwe wangu. Akauliza nani aliyeutengeneza.

Nilimfikiria Baridi. Nilimfikiria vizuri kabisa, kwa muda wa kutosha.

Nikasema ilikuwa kazi ya kamati.

Akaniambia Ijumaa wanakuja wakaguzi kutoka makao makuu, watakaa ukumbi wa mikutano siku nzima, na ukumbi unanuka kama jiko la mkaa. Anataka mtambo mmoja mkubwa. Nikimaliza kabla ya Ijumaa, suala la feni litafungwa. Nikamwambia alihesabu limekwisha.

Nyumbani nikamsimulia mke wangu. Akasema nimpigie Baridi sasa hivi. Nimekubaliana naye kwa kauli moja kwamba ni muhimu kusikiliza wanaojua. Lakini Baridi anajua chumba. Ukumbi si chumba.

Isitoshe, nimekaa mlangoni kwa Mama jioni hii nikauchunguza mshale wa kichujio, kwa macho tu, bila kugusa. Una kasoro. Ni mshale mmoja, hewa inaenda upande mmoja, moshi ukiwa mjanja unapita pembeni. Nikiweka feni mbili na vichujio viwili, mishale ikitazamana, moshi utabanwa katikati usiwe na pa kukimbilia. Ajabu mafundi hawajaliona hili.

Azimio la pili naliheshimu: feni ya pili nitaiazima uhasibu, kwa barua. La tatu pia naliheshimu, maana linasema ndani ya nyumba.

Kesho saa nne nafanya jaribio. Nimetafuta sana mahali panapofaa, pasipo na upepo wa kuniharibia vipimo, nimepata chumba cha majalada. Hakina dirisha hata moja, na karatasi zimejaa mpaka darini. Kibiriti ninacho.